Sura ya 7: Ushauri Una Majira Yake

Karatasi ya pasteli ina subira, ila subira yake ina mwisho. Uso wake unakwaruza kama ulimi wa paka, na ndani ya mikwaruzo hiyo ndimo unga wa rangi unamoshika. Tabaka la kwanza linaingia bila shida, la pili vivyo hivyo. Lakini kadiri unavyoendelea kupaka, vijishimo vinajaa, hadi kijiti kinateleza juu kwa juu bila kuacha alama. Anayechora kwa rangi za mafuta anaweza kukwangua turubai yake na kuanza upya hata mwezi ujao. Anayechora kwa pasteli ana nafasi chache za kubadili mawazo, na kila nafasi ina gharama yake.

Ndiyo maana nasema ushauri una majira yake. Mchoraji anayewaonyesha wenzake picha ya sura ikiwa imekwisha, kisha akawauliza "Mnaionaje?", ameuliza swali zuri wakati ambao jibu haliwezi tena kumsaidia. Akiambiwa kwamba jicho la kushoto limekaa juu mno, itambidi abomoe kope, nyusi na nusu ya paji la uso. Neno hilohilo lingesemwa siku ya kwanza, mistari miwili ya mkaa ingetosha.

Katika sura hii nitafuata kazi moja, kuanzia picha za kuigia hadi kioo cha fremu. Ni sura ya bibi yangu mzaa mama, mwanamke wa Unguja, niliyoichora Richmond Hill, kaskazini mwa Toronto, mbele ya macho ya wachoraji wenzangu. Nataka msomaji aone neno gani lilisemwa wakati gani, na kwa nini moja lilifuatwa na lingine likawekwa kando.

Kijiti na kipande cha karatasi

Kijiti cha pasteli ni unga wa rangi, chaki laini, na gundi kidogo sana, ile tu inayotosha kuzuia kijiti kisivunjike mkononi. Kwa kuwa gundi ni haba, chembe za rangi hubaki wazi kwenye karatasi na mwanga hugonga chembe zenyewe. Hapo ndipo unapotoka ule uhai unaofanana na ngozi ya mtu. Rosalba Carriera wa Venice aliujua uhai huo vyema. Alipofika Paris mwaka 1720, Chuo cha Kifalme cha Sanaa kilimpokea kuwa mwanachama mwaka huohuo. Maurice Quentin de La Tour aliifuata njia hiyo na mwaka 1755 akaonyesha picha yake kubwa ya Madame de Pompadour, ambayo leo imo Louvre.

Kwa La Tour kuna somo linalotuhusu. Kabla ya kazi kubwa alikuwa akichora vichwa vidogo vya majaribio, uso mtupu bila nguo wala samani, akikaa ana kwa ana na mhusika. Alitatua suala la kufanana kwanza, mahali ambapo kukosea hakuna hasara. Huyohuyo La Tour, alipozeeka, alizirudia baadhi ya picha zake za zamani ili azikoleze, akaziharibu. Mkono ulikuwa bado na ufundi, lakini karatasi haikuwa na nafasi tena.

Picha ya studio nayo ni kazi ya mtu

Picha ya msingi niliyokuwa nayo ni ya rangi nyeusi na nyeupe, imepigwa studio mjini Unguja mwishoni mwa miaka ya 1950. Bibi ameketi ubavu kidogo, mtandio umeteremka begani, kipini kinang'aa puani. Picha za namna hii zimejaa katika nyumba za watu wetu. Zanzibar ilikuwa na studio za picha tangu karne ya 19, enzi za wapiga picha akina Gomes. Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilifunguliwa mwaka 1930, na kule Mombasa studio ya Parekh ilianza mwaka 1942. Familia zilivaa, zikajifukiza udi, zikaenda kupigwa picha ambayo ingewazidi umri.

Ukichora kutokana na picha hizo ni lazima ukumbuke kwamba fundi wa studio naye alikuwa mchoraji. Aliiweka taa alipotaka. Alichukua penseli iliyochongwa mno akapitisha juu ya negativu, makunyanzi yakalainika na mikunjo ya shingo ikafutika. Filamu za zamani zaidi hazikuhisi mwanga mwekundu, kwa hiyo midomo na ngozi yenye wekundu ndani yake zilitoka nyeusi kuliko zilivyokuwa.

Picha za rangi zilizokuja baadaye zina kasoro zao. Lorna Roth, mwanazuoni wa Chuo Kikuu cha Concordia huko Montreal, alichapisha mwaka 2009 utafiti wake juu ya kadi zilizoitwa Shirley: picha za mwanamke mweupe ambazo Kodak ilizisambaza ili mafundi wapimie rangi za ngozi wakati wa kusafisha picha. Filamu ilirekebishwa kwa kufuata ngozi yake. Watu weusi wakatoka wamedidimia gizani, macho na meno tu yakionekana. Roth anaeleza kwamba miongoni mwa waliolalamika hadi kampuni ikaanza kubadilisha filamu ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, kwa sababu bidhaa zao hazikutofautishwa vizuri. Naona uchungu kila ninapolikumbuka jambo hilo, na kila mchoraji wa sura za watu wetu anapaswa kulijua. Giza analoliona kwenye shavu la bibi yake katika picha ya zamani huenda halikuwahi kuwa la bibi.

Hata simu ya leo haijaponya yote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la JAMA Facial Plastic Surgery ulionyesha kwamba selfi iliyopigwa umbali wa sentimita 30 huipanua pua kwa takriban asilimia 30, ikilinganishwa na picha iliyopigwa umbali wa mita moja na nusu. Ukiigia selfi, unachora umbali wa mkono pamoja na mtu.

Kwa hiyo sikutumia picha moja. Ile ya studio niliipa mamlaka juu ya mwanga na mkao, na hayo sikuyachanganya na picha nyingine, kwa sababu uso wenye vivuli viwili vinavyopingana haukai sawa hata ukichorwa kwa ustadi gani. Picha ya pili, ya harusi ya miaka ya 1980, ilinipa umbo la sikio na mstari wa nywele. Rangi zake sikuziamini: katika picha nyingi za enzi ile zilizofungiwa albamuni, rangi ya samawati hufifia mapema kuliko nyingine na picha nzima ikageuka nyekundu. Chanzo cha tatu kilikuwa ngozi hai, yaani mama yangu mdogo, aliyerithi uso wa mama yake.

Meza ya Richmond Hill

Richmond Hill ni mji uliokua kando ya Barabara ya Yonge, na sensa ya mwaka 2021 ilihesabu wakazi zaidi ya 202,000. Wengi wana asili ya China, na Wairani nao ni wengi. Magharibi, ng'ambo ya Barabara ya Bathurst, kuna kituo cha Jaffari cha jamii ya Khoja Ithna-Asheri, ambamo ni kawaida kukuta wazee waliozaliwa Zanzibar, Dar es Salaam, Mombasa au Kampala. Baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, Kanada iliwapokea zaidi ya watu 6,000 kutoka Uganda, na wengine kutoka Tanzania na Kenya walifuata katika miaka ile. Picha za studio zilisafiri katika masanduku yao. Ndiyo maana katika mji huu wa theluji si ajabu kumkuta mchoraji ameinamia picha ya nyeusi na nyeupe iliyopigwa kwenye joto la pwani.

Meza yetu inafanana na mji. Yupo mama aliyesomea uchoraji Beijing, yupo bwana kutoka Tehran, wapo Wakanada wa vizazi vingi, nami. Tunachora kwenye chumba chenye dirisha la kaskazini. Katika nusu hii ya dunia jua la baridi halipigi moja kwa moja dirisha hilo, kwa hiyo mwanga wake hautembei kwenye karatasi. Lakini mwanga wenyewe ni mfupi: mwezi wa Desemba jua hapa hufika kimo cha digrii 23 hivi saa sita mchana, na huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Zanzibar, mwezi huohuo, jua la adhuhuri hupanda hadi digrii 73 hivi. Mtu aliyekulia chini ya jua la utosini amezoea kivuli kifupi chini ya nyusi na pua. Aliyekulia hapa amezoea mwanga wa ubavuni. Hili nimelisikia katika maneno ya wenzangu mara nyingi, na limenifundisha kumuuliza kila mmoja kile ambacho jicho lake limelelewa kukiona.

Duru ya kwanza: umbo

Kabla ya kugusa pasteli niliweka mchoro wa mkaa mwembamba mezani na kuuliza jambo moja tu: je, kichwa hiki kinasimama? Sikuuliza kama ni kizuri, wala kama kinafanana, kwa sababu hakuna aliyekuwa na namna ya kujua.

Swali hilo lilikuwa la yule mama wa Beijing. Mwaka 1955 hadi 1957 mchoraji wa Kisovieti Konstantin Maksimov alifundisha katika Chuo Kuu cha Sanaa mjini Beijing, na mafunzo ya shule za sanaa za China yakajengwa kwa muda mrefu juu ya uchoraji wa penseli na mkaa unaoanza na mfupa. Mama huyo, kwa malezi hayo, hakugusa macho wala mdomo. Alifuata mfupa wa shavu, akaonyesha pale unapopinda kuelekea sikioni, akasema sikio linapaswa kurudi nyuma kwa upana wa kidole kwa sababu kichwa kimegeuka. Tuliupima ushauri wake hapohapo. Tulitazama mchoro kwenye kioo, tukaupindua juu chini pamoja na picha, kisha tukaweka karatasi angavu juu yake na kuchora mistari mikuu tu. Vipimo vyote vitatu vilimuunga mkono, na sikio likarudi nyuma.

Leonardo da Vinci aliwahimiza wachoraji watumie kioo, wajitenge na kazi kwa muda, na wasikilize maoni ya watu wakati bado wanachora. Aliyeikodolea kazi yake kwa saa nyingi huzoea kosa lake hadi likawa sura ya kawaida. Kioo humgeuzia picha, na mwenzake huja na jicho ambalo halijazoea.

Duru ya pili: mwanga na giza

Hapa nilipaka tabaka moja jepesi kwa vijiti vigumu, rangi tano tu kutoka giza hadi mwanga, na swali likawa: ukifumba macho nusu, unamwona mtu? Nikapiga pia picha ya mchoro kwa simu na kuiondolea rangi, ili wekundu na manjano yasifiche udhaifu wa giza.

Bwana wa Tehran akauliza shingo iko wapi. Katika picha ya studio kivuli cha kidevu, shingo na mtandio vimemezana vikawa weusi mmoja. Kamera huacha kuona pale mwanga unapopungua mno, na jicho la mtu huendelea kuona. Hapakuwa na picha ya kuniambia kilichokuwamo gizani mle, kwa hiyo mwenzetu huyo alijifunga mtandio, akaketi ubavu chini ya taa iliyowekwa upande uleule wa taa ya studio ya Unguja, nasi tukaangalia. Ndani ya kivuli kulikuwa na mwanga hafifu, uliorudi kutoka kwenye kitambaa hadi chini ya kidevu. Mwanga huo niliuweka kwenye karatasi, na shingo ikapatikana.

Ushauri wa namna hii ndio ninaouthamini kuliko wote. Mtu amesema "hapa sioni", kisha amekaa mwenyewe kwenye kiti ili sote tuone.

Duru ya tatu: rangi ya ngozi

Sikutumia kijiti cheusi hata kidogo. Ngozi ya kahawia haitengenezwi kwa kutia weusi, hutengenezwa kwa rangi nyingi za kina zilizopandana: damu ya mzee na zambarau kwenye vivuli, kijani cha giza kuzunguka mdomo na kidevu, wekundu wa joto masikioni na puani, manjano ya udongo kwenye paji la uso. Pale mwanga unapogusa mfupa wa shavu, mng'aro si mweupe. Una samawati ndani yake, na samawati hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba ngozi chini yake ina joto. Nilizipaka bila kuzisugua kwa kidole, kwa sababu kusugua huchanganya chembe na kuzima uhai wake.

Duru hii ndiyo iliyokuwa na ubishi. Mwenzetu mmoja, kwa nia njema kabisa, alipendekeza niinue ngozi yote iwe nyepesi kidogo, picha "ipate hewa" na ionekane vizuri kwenye ukuta wa maonyesho. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mchoraji anayependa mwanga atauvuta mchoro wako kwenye mwanga, na anayependa rangi kali atakuvutia huko. Nilimshukuru, nikalipima pendekezo lake kama nilivyopima la sikio. Kipimo kilikuwa mama mdogo na wazee wa familia, ambao wote walisema bibi alikuwa maji ya kunde, tena yaliyoiva. Pendekezo halikupita.

Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu shinikizo la kupausha ni kubwa, na haliji kwa sauti ya dharau. Huja kama ushauri wa kitaalamu juu ya uwiano. Ukitaka hewa katika picha ya mtu mweusi, fungua mandhari nyuma yake, angaza mtandio, ongeza samawati kwenye mng'aro. Ngozi iache kama Mungu alivyoiumba. Filamu ilikwisha kuwaficha bibi zetu gizani, nasi tusiwafiche kwa kuwapausha.

Duru ya nne: kingo

Karatasi ikikaribia kujaa, swali linabaki moja: jicho lako linakwenda wapi kwanza? Mtu akisema linakwenda kwenye mkunjo wa mtandio, huna haja ya kuongeza kitu usoni. Punguza makali ya mkunjo. Vijiti laini kuliko vyote hutumika sasa, kwa mapigo machache. Niliulainisha ukingo wa shavu la mbali ukayeyuka kwenye mandhari, nikauacha mkali ukingo wa kope ya karibu, na kipini kikapata nukta moja ya mwanga.

Palipohitaji kuondolewa rangi, nilitumia brashi ngumu ya manyoya kupangusa unga, karatasi ikiwa imesimama wima ili uanguke chini. Kupuliza kwa mdomo ni hatari, kwani baadhi ya rangi, kama zenye kadmiamu, hazifai kuvutwa mapafuni.

Wenye kumbukumbu

Plinius, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, anasimulia kwamba mchoraji Apelles alikuwa akiziweka kazi zake hadharani, naye akajificha nyuma yake asikie wapita njia. Fundi viatu akakosoa kamba ya kiatu, na Apelles akairekebisha. Kesho yake fundi yuleyule, akiwa amepata moyo, akakosoa mguu. Apelles akatoka na kumwambia asivuke kiatu. Kisa hiki husimuliwa kumkejeli fundi, lakini mimi namwona Apelles akifanya la maana kabla ya hapo: alimsikiliza mtu wa kiatu juu ya kiatu, na akabadilisha kazi yake.

Familia nayo ina kiatu chake, nacho ni kumbukumbu. Mama mdogo aliiona picha kwa simu kutoka Unguja. Sikumuuliza rangi za mchoro, kwa kuwa kioo cha simu kingemdanganya. Nilimuuliza kama anamjua mtu huyu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Ni yeye, mwanangu, ila mama hakuwa akifunga mdomo hivyo. Hapo alimwogopa mpiga picha."

Hakuna mchoraji yeyote mezani ambaye angeweza kusema neno hilo. Mdomo uliofungwa ulikuwa kwenye picha ya studio, na kwa kipimo cha picha mchoro ulikuwa sahihi. Ila nilikuwa nikimchora bibi, si picha yake. Nililegeza pembe ya mdomo kwa ncha ya brashi na pigo moja la damu ya mzee. Karatasi ilikuwa bado na nafasi mahali hapo kwa sababu midomo niliipaka kwa wepesi makusudi: ndipo ndugu wanapogusa mwisho, na kila mchoraji wa sura anapaswa kuwawekea akiba.

Kupokea na kutoa

Penye wengi hapaharibiki neno, mradi wengi hao wameulizwa vizuri. Wenye jicho la umbo waulize umbo kabla ya rangi. Anayeona vivuli muulize ukiwa na rangi tano, kabla hazijafika hamsini. Waliomfahamu mhusika waulize juu ya roho yake. Kila neno lipime kwa kioo, kwa mtu hai chini ya taa, au kwa kumbukumbu ya wengi, na likishindwa kipimo liache kwa heshima. Ushauri wa mtu si amri, wala kuukataa si tusi.

Zamu yako ya kutoa ushauri ikifika, uliza kwanza mwenzako yuko hatua gani na anatafuta nini. Onyesha mahali mahususi. Sema unachokiona kabla ya kusema unachokipenda. Kama kazi imekwisha na karatasi imejaa, msaidie kuilinda: fremu yenye nafasi kati ya kioo na karatasi, ili unga usigandamane na kioo, na dawa ya kugandisha itumike kwa uangalifu mno, kwani huweza kuzidisha giza la rangi zote mlizozitafuta pamoja. Yale mengine uliyoyaona mwekee hadi atakapotandika karatasi mpya, kisha mwambie siku ya kwanza, akiwa bado ameshika mkaa.